Kadi ya kura imekuja kwa jina langu, nami si raia

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee katika kijiji kimoja cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Huu ni mwaka wangu wa pili na viza yangu ni ya kazi. Wiki iliyopita nimeletewa kadi inayosema niende ukumbi wa kijiji kumchagua diwani wa wilaya, kwa sababu aliyekuwapo amejiuzulu. Jina ni langu, halijakosewa hata herufi. Naogopa nisije nikapiga kura nikaharibu viza. Dada ninayeishi naye ni Mrundi, kazi yetu ni moja, lakini yeye hakuletewa kitu. Na hata kama naruhusiwa, diwani huyo ananihusu nini mimi ninayefanya zamu za masaa kumi na mawili, narudi kwenye nyumba yenye ukungu ukutani ambayo mwenye nyumba haambiliki?

Marahaba, dada. Nianze na hofu: kadi hiyo haikupotea njia. Ni yako, na ukienda kupiga kura hutakuwa umevunja sharti lolote la viza. Sheria ya uchaguzi ya Uingereza ya mwaka 1983 inamruhusu raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola kujiandikisha na kupiga kura, alimradi ametimiza miaka 18, anaishi pale, na ana ruhusa halali ya kuwamo nchini. Ruhusa hiyo si lazima iwe ya kudumu. Viza ya kazi inatosha, ya masomo inatosha, ya kumfuata mwenzi inatosha. Tena si kwa diwani peke yake: hata uchaguzi wa Bunge ukifika, unapiga.

Tanganyika iliingia Jumuiya ya Madola siku ileile ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, na Zanzibar ikaingia Desemba 1963. Haki unayoiulizia imetoka enzi za himaya, wakati watu wa makoloni walipohesabiwa kuwa raia wa Mfalme mmoja. Makoloni yakapata uhuru, himaya ikaisha, lakini haki ya kura kwa watu wa nchi hizo wanaoishi Uingereza haikufutwa. Najua inakuingia kwa shida kwa sababu nyumbani kura ni ya raia peke yake, na mtu akiwa ugenini huona heri anyamaze. Hapa sheria imeandikwa vingine. Kuitumia hakukufanyi kuwa raia wa Uingereza, wala huichezei Tanzania.

Kitu kimoja ukihakikishe. Tangu mwaka 2014 kila mtu hujiandikisha mwenyewe, kwa hiyo mahali fulani, pengine katika lile rundo la fomu za wiki za kwanza, uliweka jina lako na namba yako ya bima ya taifa. Fomu hiyo huuliza uraia. Kama uliandika Mtanzania, huna la kuogopa. Kama kuna aliyekujazia kwa haraka akaandika wewe ni Mwingereza, ipigie simu ofisi ya uchaguzi ya halmashauri yako warekebishe kabla ya siku ya kura. Wenzako wengi huziacha barua za kujiandikisha zilale kwenye droo wakidhani kunyamaza ndiyo usalama. Mambo ni kinyume. Anayetakiwa kujiandikisha na asijibu anaweza kutozwa faini ya pauni 80. Halafu kampuni zinazopima uaminifu wa mtu katika mikopo huangalia daftari la wapiga kura, na asiyekuwamo anaweza kukwama hata kwenye mkataba wa simu.

Sasa huyo diwani.

Uingereza ya mashambani, mahali pengi, ina serikali tatu zilizopandana juu ya kijiji kimoja. Juu kuna halmashauri ya kaunti, katikati halmashauri ya wilaya, chini kabisa baraza la kijiji. Mpangilio huu wa kaunti na wilaya ulianza kazi tarehe 1 Aprili 1974. Lile baraza la chini Waingereza huliita kwa jina la parokia, na Watanzania wengi hudhani ni mambo ya kanisa. Lilitengana na kanisa mwaka 1894. Siku hizi kazi yake ni uwanja wa watoto, makaburi, kibanda cha basi na mambo ya aina hiyo, na wajumbe wake wengi hupita bila kupingwa kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza.

Kaunti ndiyo yenye mambo mazito ya fedha: shule, barabara, maktaba, zimamoto, na huduma za wazee. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Mzee asiyeweza kujilipia matunzo hupimwa mali yake. Aliye na zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na aliye chini ya hapo husaidiwa na kaunti. Kwa hiyo mgombea wa uchaguzi huu akikugongea mlango akaahidi kuwaongezea fedha wazee unaowatunza, au kuziba mashimo ya barabara unayopita usiku, ama hajui anagombea nini, ama anadhani wewe hujui.

Diwani wa wilaya, unayeitiwa kumchagua, yuko kwenye mambo mengine. Taka zinazochukuliwa mlangoni ni za wilaya. Vibali vya ujenzi, ukaguzi wa usafi wa migahawa, leseni za baa na teksi, watu wasio na makazi, orodha ya nyumba za halmashauri, mabwawa ya kuogelea na kumbi za mazoezi, hata hilo daftari la wapiga kura lenye jina lako, vyote ni vya wilaya. Ndiyo pia inayokusanya kodi ya halmashauri kwa niaba ya wote. Bili moja inakuja, kisha kaunti inachukua fungu kubwa kuliko wote, polisi lao, baraza la kijiji lao, na wilaya yenyewe inabaki na kipande kidogo. Watu huitukana wilaya kwa bili ambayo sehemu kubwa yake haikai kwake.

Hapa kwenye kodi nisimame kidogo, maana wahamiaji wengi wameumia kwa kutojua. Nyumba hupangwa katika madaraja manane, kuanzia A hadi H, kwa thamani ambayo ingekuwa nayo tarehe 1 Aprili 1991. Mtu mzima akiishi peke yake hupunguziwa asilimia 25, na punguzo hilo halihesabiwi kuwa msaada wa umma. Mwenzako akihama ukabaki peke yako, liombe mara moja bila wasiwasi. Lakini kuna nafuu nyingine ya kodi hiyohiyo, ya watu wenye kipato kidogo, na hiyo ni msaada wa umma. Viza yako ikiwa na sharti la kutopokea misaada ya umma, kama zilivyo viza nyingi za kazi, usiiombe hata mtu wa dirishani akikuambia ujaze tu. Orodha ya nyumba za halmashauri nayo ni vivyo hivyo.

Nimeufikia ukungu wako. Dada, swali lako la mwisho lilikuwa na jibu ndani yake. Mkaguzi mwenye mamlaka ya kuingia nyumba ya kupanga, kupima unyevu na kumwamuru mwenye nyumba aitengeneze ni ofisa wa afya ya mazingira, na ofisa huyo yuko chini ya halmashauri ya wilaya. Watu watano au zaidi wasio wa familia moja wakipangishwa nyumba moja wakachangia jiko au choo, mwenye nyumba anatakiwa awe na leseni, na anayetoa leseni ni wilaya. Nimeona nyumba za watunza wazee, vijijini ambako hakuna pa kwenda, watu saba ndani, vitanda vinapokezana kwa zamu, na hakuna aliyejua kwamba kuna ofisi umbali wa nusu saa kwa gari ambayo kazi yake ni hiyo. Malalamiko kama hayo hayakuingizi kwenye misaada ya umma. Unataka sheria ifuatwe, na hilo ni la kila mpangaji. Wakaguzi hao watakuwa wangapi, na watafika upesi kiasi gani, hupangwa kwenye bajeti, na bajeti hupigiwa kura na madiwani.

Kuna jingine usiloliona kwa macho ila unaishi nalo. Wilaya ndiyo inayoandika mpango wa ardhi: nyumba mpya zijengwe wapi, ngapi, na ngapi kati yake ziwe za bei ambayo mtu wa mshahara wako anaimudu. Vijiji vya Suffolk ni vizuri, watu wa mijini hustaafia huko, na bei za nyumba zinapanda kuliko mishahara ya wanaofanya kazi hukohuko. Kila mradi wa nyumba mia mbili pembeni mwa kijiji huzua mkutano wenye kelele: wengine wanalilia mashamba na msongamano wa magari, wengine wanalilia watoto wao waliohamia mbali kwa kukosa pa kupanga. Wote wana hoja. Katika mikutano hiyo sauti ya mpangaji anayefanya kazi za usiku husikika mara chache sana, na ndiye anayeguswa kuliko wote. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimekaa kwenye kumbi hizo nikahesabu vichwa.

Kwetu Tanzania diwani anachaguliwa siku moja na mbunge na rais, na kelele za urais humfunika. Kule unakokaa uchaguzi wa diwani una siku yake, na karatasi utakayopewa haina jina la mtu mwingine yeyote wa ngazi za juu. Wala usitafute mkuu wa wilaya aliyeteuliwa kutoka mji mkuu, hayupo. Madiwani wenyewe humchagua kiongozi wao miongoni mwao. Yupo mtendaji mkuu, mwajiriwa kama alivyo mkurugenzi wa halmashauri kwetu, na mara nyingi yeye ndiye msimamizi wa uchaguzi.

Hukutaja wilaya, na Suffolk ina tano: Babergh, East Suffolk, Ipswich, Mid Suffolk na West Suffolk. Nitatumia Mid Suffolk, ya miji midogo kama Stowmarket, Needham Market na Eye na vijiji vingi katikati, kwa sababu inaonyesha vizuri kura chache zinaweza kufika wapi. Ina watu zaidi kidogo ya 100,000 na madiwani 34, yaani diwani mmoja kwa watu elfu tatu hivi. Kwa miaka mingi yalikuwa maeneo ya chama cha Conservative, yaani wahafidhina. Mwaka 2019 chama hicho kilipata viti 16 na Green, chama cha mazingira, 12. Tarehe 4 Mei 2023 Green walipata viti 24 na Conservative wakabaki na sita, Liberal Democrats wanne. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Green kushika wingi wa viti katika halmashauri yoyote Uingereza, na haikuwa London wala mji wa vyuo vikuu, ilikuwa kwenye mashamba ya ngano. Hawakufika hapo kwa mikutano ya hadhara yenye muziki. Walipita mlango kwa mlango, miaka na miaka, wakizungumzia vibali vya ujenzi na njia za miguu, kata moja ikizaa nyingine.

Hesabu ya kata ifanye mwenyewe. Katika watu elfu tatu toa watoto na wasiojiandikisha, tuseme wabaki wapiga kura 2,300. Katika chaguzi za madiwani wanaojitokeza huwa kama theluthi moja, na uchaguzi mdogo kama wenu mara nyingi huvuta wachache zaidi. Chukua wamekuja 700. Wagombea wakiwa wanne, mtu anaweza kushinda kwa kura 250, kwa kuwa anayeongoza ndiye anayechukua kiti hata asifike nusu. Wafanyakazi wa nyumba mbili za wazee, wakienda wote, ni sehemu inayoonekana ya hizo 250. Na kura zikilingana kabisa, sheria inaamuru ipigwe kura ya bahati papo hapo. Mei 2017, Northumberland, kaskazini kabisa mwa nchi, wagombea wawili wa South Blyth walilingana wakavuta vijiti. Conservative aliyevuta kifupi alikosa kiti, na chama chake kikabaki na viti 33 kati ya 67, pungufu ya kimoja tu kushika halmashauri nzima. Kura moja ya mtu aliyebaki nyumbani ingemaliza mambo bila vijiti.

Kuhusu siku yenyewe nitakueleza kama nilivyoiona nikiwa karani wa kituo, kwa sababu ni hapo watu wetu hukwama.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Hata zamu ndefu inakuachia upenyo mwanzoni au mwishoni, na ukiwa umeshapanga foleni saa nne inapogonga, unapiga. Kadi si lazima uibebe. Cha lazima ni kitambulisho chenye picha, utaratibu ulioanza Uingereza kwenye uchaguzi huohuo wa Mei 2023. Pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, yaani ya Tanzania inakubaliwa, hata kama muda wake umekwisha, ilimradi picha bado inafanana nawe. Leseni ya udereva ya Tanzania haikubaliwi, wala kitambulisho cha NIDA. Viza ya kwenye simu haikubaliwi. Usiku mmoja, saa nne kasorobo, aliingia dada mmoja nesi, bado amevaa sare, akanionyesha picha ya pasipoti yake kwenye simu. Nilimwambia sheria inataka pasipoti yenyewe mkononi. Alikuwa anakaa maili tatu kutoka pale. Aliendesha gari kwenda na kurudi, akakuta mlango umefungwa dakika nne zilizopita. Mpaka leo nikifunga begi la kazi namkumbuka, kwa hiyo nakusihi: pasipoti iweke kwenye mkoba tangu usiku wa kuamkia.

Pasipoti ikiwa imepelekwa mahali kwa ajili ya viza, omba cheti cha mpiga kura. Ni bure, unaombea mtandaoni au kwa fomu, na mwisho wa kuomba ni saa kumi na moja jioni siku sita za kazi kabla ya kura. Jina la kwenye kitambulisho lifanane na la kwenye daftari, maana sisi wa majina matatu mara nyingi huandikwa mawili huku na matatu kule. Anayevaa niqabu anaweza kuomba atazamwe faraghani. Hijabu haina shida yoyote.

Mlangoni unaweza kukuta watu wenye beji za vyama wakikuuliza namba yako ya daftari. Hao si maofisa. Wanahesabu wafuasi wao waliokwisha kuja, na una hiari ya kuwapita kwa salamu tu. Ndani hakuna kuchovya kidole kwenye wino. Utapewa karatasi na penseli, ukitaka tumia kalamu yako. Weka alama ya mkasi, X, mbele ya jina unalolitaka. Najua sisi tumefundishwa kuweka vema na kwamba mkasi ni kukosa, na wapo waliokwisha kuweka mkasi kwa wasiowataka. Kule X ndiyo ndiyo. Nyuma ya karatasi utaona namba na inaweza kukushtua. Ni kinga dhidi ya kura bandia: orodha inayooanisha namba na watu hufungwa kwa lakiri, haifunguliwi bila amri ya mahakama, na baada ya mwaka huharibiwa. Msimamizi wako wa kazi hawezi kujua ulimpa nani.

Kama siku hiyo zamu haikupi nafasi kabisa, omba kura ya posta, mwisho ni saa kumi na moja jioni siku 11 za kazi kabla. Au mteue mtu unayemwamini akupigie, mwisho siku sita. Atakayekwenda kwa niaba yako ataonyesha kitambulisho chake, si chako.

Nani wa kumchagua sikuambii, lakini nitakuambia ningesoma nini kama ningekuwa wewe. Soma vikaratasi vinavyotumbukizwa mlangoni ukitafuta neno la wilaya: nyumba, taka, ukaguzi, ardhi. Ukikuta ni mipaka ya nchi na mambo ya dunia kuanzia juu hadi chini, jua mwandishi anataka kiti kwa sababu nyingine, kwa kuwa diwani wa wilaya hana mkono wowote kwenye viza, na shida za viza hupelekwa kwa mbunge. Usiwadharau wagombea binafsi. Mashambani wapo wengi na baadhi wanakijua kijiji kuliko chama chochote. Mwandikie kila mgombea barua pepe ya mistari miwili: halmashauri ina wakaguzi wangapi wa nyumba za kupanga, na malalamiko ya unyevu huchukua muda gani kushughulikiwa? Asiyejua lakini akarudi na jibu baada ya siku tatu ameshaanza kazi ya udiwani. Wala usingojee kanga na pilau. Kule kumlisha au kumnywesha mpiga kura ili kumvuta ni kosa la jinai, kama vile Mahakama Kuu yetu ilivyoitupilia mbali takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, mwaka 2006.

Jambo moja linaweza kubadilika chini ya miguu yako. Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuondoa mfumo huu wa kaunti na wilaya, na kuweka halmashauri moja kubwa badala yake, kama ilivyokwisha kufanyika Cornwall na Wiltshire mwaka 2009, na North Yorkshire na Somerset mwaka 2023. Suffolk imo kwenye mageuzi hayo. Wapo wanaosema basi uchaguzi wa wilaya hauna maana tena. Mimi sikubaliani. Nyumba zitakazopewa kibali mwaka huu zitasimama miaka mia, halmashauri iwepo isiwepo, na ukungu hausubiri mageuzi. Lakini mimi pia naona hasara ndani yake: diwani wa watu elfu tatu unakutana naye dukani, na halmashauri zikiwa kubwa huyo ndiye wa kwanza kupotea.

Ukija kupata ukaaji wa kudumu, mlango mwingine unafunguka: unaweza kugombea mwenyewe. Fomu ya mgombea udiwani inahitaji saini mbili tu za wapiga kura wa eneo, hakuna dhamana ya fedha, na kazi yako huiachi, maana diwani hupewa posho, hana mshahara. Hilo ni la baadaye.

Mwisho ni mwenzako. Burundi haimo kwenye Jumuiya ya Madola, ndiyo sababu hakuletewa kadi. Kongo haimo, Oman haimo. Rwanda iliingia mwaka 2009 na Msumbiji mwaka 1995, nchi ambazo Mwingereza hakuzitawala kama alivyoitawala Kenya au Uganda. Kwa hiyo Mnyarwanda anapiga kura, na Mrundi wa ng'ambo ya pili ya mto hapigi, wakiwa na viza ileile na kazi ileile ya kuwageuza wazee kitandani usiku. Kwangu mimi huo ni uonevu, na sina neno la kuupamba. Asishawishike na yeyote kujiandikisha kwa kuandika uraia usio wake. Hilo ni kosa linaloweza kumfikisha jela, na kwake viza ingeponyoka kweli.

Lakini kura si kitu pekee. Diwani anawakilisha wakazi wote wa kata, waliompigia na wasioruhusiwa kupiga. Mkutano wa halmashauri uko wazi kwa yeyote anayetaka kukaa nyuma akasikiliza. Ombi la kibali cha ujenzi linaweza kuandikiwa maoni na mkazi yeyote, na hakuna anayemuuliza pasipoti. Malalamiko ya nyumba mbovu nayo hayana uraia. Wewe nenda ukumbini na pasipoti yako. Matokeo yakishatoka, pigeni picha ukuta huo, na barua ya kwanza kwa diwani mpya aiandike yeye, kwa jina lake.